Gumba la Omba

Kindu, nyumba za wafanyakazi wa reli

Mama yangu mupenzi, mama wa mapasa,

Jambo kwako, na jambo kwa wote waliokaa karibu nawe saa hii unaposomewa maneno haya. Goti lako liko namna gani? Huku mvua imeanza mapema, na kila ikinyesha nalikumbuka lile goti, maana lenyewe njo lilikuwa linajua mvua mbele ya kuku. Bado unalipaka mafuta na tangawizi? Yaya Odia, dada yetu, amejifungua salama? Mupunga wa bondeni umezaa? Miye mwili ni muzima. Nakula, nalala, nafanya kazi, homa sina. Lakini kichwa, Mama, kichwa kimevurugika. Juma zima naandika namba kinyume mu vagoni, na musimamizi ameniuliza kama nimeanza kunywa. Basi kabla ya habari nyingine nakuomba unijibu neno moja: Omba, pacha mwenzangu, yuko nyumbani? Na mukono wake wa kuume uko namna gani?

Usiseme, "Shako huyo, anaanza na fujo." Nitaeleza toka mwanzo, taratibu, kama ulivyotufundisha kuchagua muchele: kwanza mawe, kisha makapi. Ila unisamehe, maana bado sijue jiwe njo lipi na muchele njo upi.

Unajua kazi yangu ya hapa. Mu atelie, karakana ya reli, miye njo ninayepaka vagoni rangi na kuandika namba ubavuni mwake. Vagoni inakuja imechakaa, wanaigonga, wanaifunga mbao mpya, na mwisho inaletwa kwangu ipate namba yake. Watu wa hapa wamelisahau jina mulilonipa weye na Baba. Wote wananiita Numero. Hata mwanamuke anayeniuzia muhogo: "Numero, leo unachukua fungu ngapi?" Naitika. Muntu anazoea.

Karibu na nyumba zetu kuna mujane mumoja, Mama Albertine, muzaliwa wa Lokandu, mwenye baa ndogo yenye baraza. Ana mudomo mukali na roho nzuri. Kila siku ya Mungu, mchana, watu wakishatoka misa, wanamuziki wanapiga pale barazani kwake. Mumoja, jina lake Musafiri, anapiga gitaa. Muzee mumoja, mupishi wa Wazungu, anavuta akordeoni. Wa tatu anagonga chupa na kisu, wa ine anapiga pipa tupu lililovikwa ngozi ya mbuzi. Ni hao tu, lakini wakishika wimbo wameushika.

Siku moja ya jua kali Musafiri alianza taratibu, kama muntu anayetafuta kitu mufukoni. Pipa likamujibu. Watu wakasimama, wakacheza mpaka vumbi likapanda magotini na hakuna aliyeona miguu yake. Akatokea polisi, amekuja kuangalia vibali vya wasafiri. Akasimama mulangoni, uso umekunjwa. Mama, mguu wake mumoja ukaanza peke yake. Akautazama kama mguu wa muntu mwengine. Mwisho akavua kofia, akamupa Mama Albertine amushikie, na akaingia kati. Vibali havikuangaliwa tena siku ile. Nilicheka mpaka machozi, na hapo hapo nikasema moyoni: hii nitaichora.

Kesho yake mukono uliandika namba lakini kichwa kilibaki barazani. Nikamwomba musimamizi mbao sita za vagoni iliyovunjwa, akanipa. Nikaziunga, nikazipaka nyeupe. Rangi nilikuwa nazo tatu, mabaki ya kazi: nyeusi, nyeupe, na ile nyekundu ya vagoni. Manjano nilitoa mu udongo wa kando ya Lualaba. Bulu alinipa Mama Albertine, ile bulu ya kufulia nguo nyeupe, kwa sharti kwamba picha nikishaimaliza itatundikwa barazani kwake na si kwa mwengine.

Kuchora muntu si kazi kubwa. Kazi ni kuchora wimbo. Nilimuchora Musafiri na gitaa lake, akafanana kabisa, lakini alikaa kimya kama muntu anayengojea sindano. Nikafuta. Nikachora upya, safari hii miguu ya wachezaji isiguse chini, vumbi la manjano likipanda kati yao, na kofia ya polisi iko hewani, ingawa kweli haikurushwa. Hapo picha ikaanza kusikika kidogo. Nilikuwa naichora jioni nikitoka kazini, na siku za Mungu, na wapita-njia walisimama wakatikisa mabega bila kujua.

Mama Albertine akaja kuangalia. "Vizuri," akasema. "Lakini weye mwenyewe uko wapi? Si ulikuwa unacheza hapa karibu ya mulango, na lile shati lako la madoa?" Nikaona ni kweli. Nikajiweka karibu ya mulango, na shati langu la madoa, mikono juu.

Jioni ile niliacha ugali, nikarudi kuitazama picha. Mama, sababu unaijua kabla sijaisema. Nilikuwa nimejiweka peke yangu.

Nani asiyejua sheria ya mapasa kwetu? Ukimupa Omba yai, mupe na Shako. Ukimusalimia mumoja, musalimie na mwengine. Siku ile Baba aliponichapa kwa ajili ya mbuzi wa mujomba, Omba naye aliitwa toka mutoni akapata fimbo zake, na mbuzi mwenyewe hakumujua hata rangi. Alilia, akaniambia, "Kesho nitakosa miye, na weye utachapwa." Akafanya hivyo kweli. Njo tulivyokua.

Na miye njo niliyeivunja sheria ile. Tuliapa: wawili, ao hakuna. Muzungu wa reli alipopita kutafuta kijana anayejua kuandika, nafasi ilikuwa moja. Nikapanda treni ya asubuhi, Omba akiwa bondeni anafukuza ndege mu mupunga. Sikumuaga. Nilisikia sauti yake toka stesheni, ile "huuu, huuu" ya kufukuza ndege, na nikaingia mu vagoni. Sasa ni miaka mine. Kindu si mbali, Mama. Treni inafika kwa siku moja. Miye njo niliyeifanya kuwa mbali. Hata watu wa kwetu wakifika hapa nawakwepa, maana najua swali lao la kwanza.

Basi nikamuchora Omba. Sikumuweka pembeni, nilimuweka katikati, amekaa juu ya sanduku, na likembe mikononi. Siku ile ya ngoma hakuwapo, na likembe pale halikupigwa. Lakini chini ya gitaa na chini ya akordeoni, masikio yangu yalikuwa yanalitafuta lile likembe ambalo Baba alimuachia. Nilishinda jioni mbili kwenye magumba yake tu. Vile vyuma vyembamba vinaamshwa na magumba mawili, la kuume na la kushoto, na ukikosea gumba umekosea wimbo. La kuume nililikunja vile alivyokuwa analikunja kabla ya kugonga, likingoja kidogo. Nilipolimaliza, nakula kiapo, nilisikia chuma.

Picha ikatundikwa. Watu wakaja, wakacheka. "Ala! Numero amejichora mara mbili! Moja haikumutosha!" Nikawaeleza habari ya mapasa. Wengine wakaamini, wengine wakasema hayo ni maneno ya kuficha majivuno. Musafiri hakucheka.

"Huyu wa katikati ni nani?" akauliza. "Hapa kwetu nani anapiga likembe?"

"Ni ndugu yangu."

"Alikuwa hapa?"

"Hapana."

"Miye nilikuwa hapa, vidole vikatoka malengelenge, na umeniweka nyuma ya bega la muntu ambaye hakuwapo!"

Mama Albertine naye akatia chumvi: "Asiyekuwapo na lake halipo." Nikawajibu kwamba kwa watu wote ni hivyo, kwa mapasa si hivyo. Musafiri akatema mate pembeni, akaenda zake.

Toka hapo, Mama, njo machafuko yakaanza. Mwanamuke wa muhogo alinikamata: "Numero, nimekusalimia asubuhi ya siku ya posho, umenipita kama sikuzaliwa!" Siku ya posho, yaani Jumamosi, asubuhi sote tunakuwa kazini, tunagawiwa chakula saa sita. Nikamwambia amenifananisha. Fundi cherehani mwenye kibanda mbele ya baa akaniuliza kama sichoki kujitazama, maana nilisimama mbele ya picha yangu toka jua kutoka mpaka kivuli kuingia barazani, na kofia iliyotoboka, bila kusema neno. Nikacheka. Nikasema huyu shona-shona sasa anahitaji miwani.

Siku ya Mungu iliyofuata nikakuta picha imeharibiwa. Gumba la Omba, la mukono wa kuume, limekwanguliwa. Gumba tu! Uso haukuguswa, likembe halikuguswa. Limetolewa polepole kwa ncha ya kisu, safi, mpaka mbao inaonekana.

Hasira yangu unaijua. Sikuuliza hata maji ya kunywa. Nikaenda mpaka kwa Musafiri, nikamukuta anakula na mama mukwe wake aliyefika toka Punia siku ile ile. Nikamwambia ni muchawi. Nikamwambia wivu umemula ubongo. Mama mukwe akaacha tonge mu sahani.

Musafiri akanawa mikono, akasimama. "Ndugu," akasema, "nikitaka kuharibu, ningeharibu uso. Nina wazimu gani wa kutoa gumba? Gumba litanisaidia nini?"

Nikapiga makelele zaidi. Nikarudi, nikalipaka gumba upya, rangi mara mbili. Siku ya posho ingine ikapita, na siku ya Mungu nikakuta limekwanguliwa tena. Safari hii, pale lilipoanzia gumba, kulikuwa kumechorwa kwa makaa alama ndogo ya mviringo, iliyokunjamana, kama kitovu cha mutoto. Nikaitazama sana. Muntu anaharibu picha ya mwengine kisha anachora? Sikuelewa hata kidogo.

Nikamuita Mama Albertine, nikamwambia kwa ukali kwamba baa yake haina ulinzi, kwamba nitaitoa picha.

Akanitazama kama muntu anayetazama mugonjwa. "Unalalamika nini, na ni weye mwenyewe umeikwangua?"

"Miye?"

"Weye! Jana asubuhi. Nimekukuta na kisu. Nikakuuliza, 'Numero, unafanya nini tena?' Ukasema, 'Naisahihisha.' Nikakuletea chai, ukaipokea na mukono wa kushoto, nikakugombeza, mwanaume muzima kupokea na kushoto kama hukulelewa. Hata samahani hukusema."

"Mama Albertine, jana asubuhi nilikuwa mu atelie. Kuna watu kumi watakwambia."

"Basi nilimupa chai nani?"

Kwanza nikafikiria uchawi, sitakuficha. Nikafikiria labda nimegawanyika, mumoja anaenda kazini, mwengine anatembea. Nikaangalia mikono yangu. Kisha nikamuuliza polepole: na mukono wa kuume, huyo muntu, aliuweka wapi?

"Mufukoni," akasema. "Hakuutoa hata mara moja."

Njo hapo nikaelewa, Mama: alikuwa Omba. Nilikaa juu ya sanduku la chupa. Sikuwahi kufikiria kwamba uso wangu unaweza kupanda treni bila miye.

Nikatoka mbio mpaka stesheni. Vagoni za mupunga wa kusini zinafika kila siku ya posho alfajiri na kurudi jioni ile ile, kwa hiyo nilikuwa nimechelewa siku nzima. Lakini kapita wa magunia, mukubwa wa wapakuzi, muzee wa Kibombo, upande wetu, muntu ambaye nimemukwepa miaka mine, alikuwa pale anashona gunia. Akaniona. Hakusalimia. Akasema tu, "Njo leo umekuja?"

Nikamuuliza kama anamujua Omba.

"Namujua. Analinda magunia njiani. Jembe linamushinda sasa, njo mwenye duka la mupunga kule kwenu akamupa kazi hii. Amefika hapa mara tatu."

"Jembe linamushinda kwa nini?"

Akaacha kushona. "Hukuambiwa? Gumba lilivutwa na mukanda wa mashini ya kukoboa mupunga, wakati wa mavuno ya mwaka uliopita. Lilikwenda lote."

Nikamuuliza kwa nini, mara tatu zote hizo, hakufika nyumbani kwangu. Akasema alimuonyesha njia mara ya kwanza, hata namba ya nyumba. Omba alienda, akauliza wapi kwa Numero, watu wakamuonyesha baa na picha, wakicheka, wakidhani anatania. Akasimama pale. Aliporudi stesheni muzee alimuuliza, "Umemukuta ndugu yako?" Na Omba akamujibu: "Yule anayeningojea pale si miye tena."

Mama, maneno hayo nimeyabeba toka siku ile, na sijue pa kuyatua.

Sasa nimetoa barua zako zote mu sanduku nikazipanga. Zile za kwanza zimeandikwa na Omba, zile herufi zake zinazolala kama majani ya mupunga yaliyopigwa na upepo. Chini kabisa, ukishamaliza kusema yako, aliweka neno lake, kila mara lile lile: "Omba niko." Hakuna salamu, hakuna "ndugu yangu". Alikuwa amekasirika na alikuwa na haki, lakini hakuacha barua ipite bila kuniambia yuko. Kisha barua zikaanza kuja na mwandiko wa mwalimu wa misioni, herufi za kusimama wima, na lile neno la chini halikuwapo tena. Uliandikisha kwamba wote ni wazima, ila Omba ana kazi nyingi za mupunga. Nikasema: basi, amenikata. Nikakasirika na miye. Mwaka muzima, Mama, nimemukasirikia muntu asiyekuwa na gumba la kushikia kalamu. Kwa nini hamukuniambia? Ulinificha weye, ao yeye alikukataza? Najua ni yeye. Nijibu hata hivyo.

Sasa nasema na weye, Omba.

Najua njo weye unayesoma. Mwalimu anaandika tu. Kusoma hakuhitaji gumba, na Mama hajawahi kukubali muntu mwengine amusomee. Basi usikohoe hapa. Usiruke mistari. Toka utoto unaruka mistari ukiona inakuuma, na Mama alikuwa anakukamata kwa sababu sauti yako inapanda. Soma yote. Mama, kama sauti imepanda, mwambie arudi nyuma.

Omba, nilikuacha bondeni na ndege. Nilisikia sauti yako na nikapanda treni. Nafasi ilikuwa moja, ni kweli, lakini kinywa nilikuwa nacho cha kukuaga, na sikukitumia. Niliogopa ukisema "baki" nitabaki. Ni hayo tu, sina sababu ingine nzuri zaidi.

Na picha ile: bado sijue. Nageuza jambo hili kila upande na sipati usingizi wa maana. Ulikwangua kwa hasira? Kwa aibu? Ao ulikuwa unaniambia habari yako kwa njia iliyobaki, kwa kisu na makaa, kwa mukono wa kushoto? Na miye mupumbavu nikawa nalirudisha gumba kila mara, nikakubishia mwili wako mwenyewe. Nisamehe kwa rangi ile. Sikujua.

Nilichofanya ni hiki. Nimeacha ulivyosahihisha. Ile alama yako ya makaa, kovu lako, nimeifuata kwa rangi nyeusi, polepole, nisiharibu muchoro wako, maana umechora vizuri kuliko nilivyotegemea. Kisha nikachukua kisu, nikaenda kwa yule Shako wa mulangoni, mwenye shati la madoa, mikono juu, na nikamutoa gumba lake la kuume. Mama Albertine akapiga kelele: "Sasa unaharibu na lako!" Nikamwambia siharibu. Ukimupa mumoja, mupe na mwengine. Akaniletea chai, na akanipa na mukono wake wa kushoto, makusudi, na miye nikaipokea na wa kushoto.

Kwa Musafiri nimekwenda na jogoo kuomba radhi. Jogoo alimupokea mama mukwe. Musafiri alikuwa bado amevimba, lakini akauliza kama yule ndugu wa katikati anajua kuimba. Nikasema anajua kuliko miye. Sijue kama nimesema uongo. Miaka mine ni mingi.

Omba, musimamizi amenipa ruhusa ya siku sita, mara vagoni nilizo nazo zikishaisha. Nitapanda treni ya mupunga inayorudi tupu. Usije stesheni kama hutaki. Sitakutafuta nyumbani kwanza. Nitashuka, nitapita nyuma ya duka, nitakuja bondeni, pale nilipokuacha. Kama utakuwa unafukuza ndege, endelea tu. Nitajua njia kwa sauti. Na kama hutanisemesha, nitasimama upande wa pili wa shamba nifukuze na miye, maana shamba lile lilikuwa na sauti mbili, na Mama njo aliyesema kidole kimoja hakivunji chawa.

Mama, nisalimie Yaya Odia, mukubwa wetu, na huyo mutoto muchanga ambaye simujui jina. Nisalimie mujomba mwenye mbuzi, umwambie deni la fimbo zile tumeshamusamehe. Nisalimie shangazi anayekaa karibu ya kisima, aliyetufunga nyuzi za mapasa mikononi siku tulipozaliwa. Nisalimie mwalimu wa misioni, umushukuru kwa herufi zake zilizosimama, hana kosa. Na jirani yako, kipofu, anayeuliza kila mara kama Kindu kuna kelele: mwambie kuna kelele, lakini nimezoea.

Omba, neno la mwisho. Barua yenu inayokuja, mwalimu aandike yote, lakini chini kabisa akuachie nafasi ya mustari mumoja. Usiniambie haiwezekani. Toka "Omba, neno la mwisho" miye naandika na mukono wa kushoto, gumba la kuume nimelifunga na kitambaa. Unaona herufi zinavyolewa. Imenichukua asubuhi yote ya siku ya Mungu, toka kengele ya misa mpaka Musafiri amefungua gitaa, na jasho limenitoka. Lakini inawezekana.

Shako niko.